Mkwaju wa Tano

Mechi ikifika kwenye mikwaju ya penalti, mwalimu wa udereva hutoka nje. Watoto wake wameshazoea. Dakika za nyongeza zikiisha tu, baba anainuka, anasema anakwenda kuangalia kama gari amelifunga milango, na harudi mpaka asikie kelele za majirani zimekwisha. Mkewe huwaambia wageni kwamba mumewe ana presha. Hana presha hata chembe. Ana jambo, na jambo hilo alikaa nalo miaka kumi na minne bila kumwambia mtu, hata huyo anayelala naye kitanda kimoja.

Kabla ya kufundisha watu kuegesha gari alikuwa kipa wa kulipwa. Walimwita Sumaku, maana mpira ukishagusa glavu zake haukuteleza. Tusidanganyane, hakuwa kipa wa kutikisa dunia. Alikuwa kipa wa timu ambayo ikimaliza msimu ikiwa ya kumi, mashabiki walimshukuru Mungu na kwenda kulala. Miaka tisa alijitupa kwenye udongo mgumu mpaka nyonga zikaota sugu, na alipostaafu alibaki na vitu viwili: jina zuri na magoti mabovu. Siku hizi anakaa kiti cha abiria ndani ya kigari chenye breki ya pili upande wake, akiwaambia watu wazima watazame kioo. Wanafunzi wa umri wake wakimtambua husimamisha gari katikati ya somo ili wampe mkono, na yeye hutabasamu huku anatamani waendelee na barabara.

Kilichomjengea jina ni daftari. Lilikuwa daftari la kawaida la shule, lenye mistari na jalada gumu, na ndani yake aliandika kila mpigaji penalti wa ligi nzima. Anaanza na hatua ngapi. Anatazama wapi kabla ya kupiga. Anapiga wapi. Akiwa amechoka anabadili au habadili. Alikusanya hayo kwa miaka, kwa kuangalia mechi zilizorekodiwa na kuwapigia simu rafiki zake wa timu nyingine, na matokeo yake kwa misimu miwili alipangua penalti tisa kati ya ishirini na tatu. Watu jukwaani walisema ana mganga. Wachezaji wenzake waliliita daftari la mganga, wakacheka, na hakuna aliyelifungua. Kocha alijua lilivyo na thamani.

Halafu akaja Ngazi.

Alikuwa na miaka ishirini na moja, mrefu kiasi kwamba mlango wa chumba cha kubadilishia nguo ulimgonga paji la uso siku ya kwanza, na jina likazaliwa hapohapo. Alisajiliwa kuwa kipa namba mbili. Kazi ya kipa namba mbili, kwa wasioijua, ni kumpasha moto mwenzake. Kabla ya kila mechi anampigia mashuti arobaini, laini, makali, ya chini, ya juu, mpaka mikono ya mkubwa ichemke. Kisha mkubwa anaingia uwanjani kushangiliwa, na yeye anakwenda kukaa benchi, mwili ukipoa. Ngazi aliifanya kazi hiyo bila kununa. Alimwita Sumaku kaka tangu siku ya kwanza, na si kaka ya mdomoni. Alikuwa mtoto wa kwanza kwao, kaka hakuwa naye, na alimpata pale.

Na Sumaku alimfundisha, lazima tumpe haki yake. Alimfundisha kuanguka bila kuvunja kiwiko, kuwafokea mabeki kwa sauti inayotoka tumboni, kusogea hatua moja kabla ya krosi. Alimfundisha kila kitu isipokuwa kile kimoja.

Msimu ule timu iliyumba. Ilimaliza pabaya ikalazimika kucheza mechi ya mchujo, mechi moja tu, anayeshinda anabaki ligi kuu na anayeshindwa anashuka daraja. Alhamisi, siku mbili kabla, Sumaku alidaka shuti la kawaida mazoezini na vidole viwili vya mkono wa kulia vikaenda upande. Daktari akavifunga pamoja, akatikisa kichwa. Kocha hakupiga kelele. Alimvuta Sumaku pembeni, karibu na bomba la maji, akamuuliza swali moja.

"Yale mambo yako ya penalti, umempa mwenzio?"

"Nimempa."

Neno moja. Alilitamka huku anatazama bomba lile linavyovuja, na mpaka leo akifungua maji jikoni hulisikia.

Jumamosi, baada ya chakula cha mchana, walikuwa wamelala chali hotelini, kila mtu kwenye kitanda chake, maana makipa siku zote hupangiwa chumba kimoja. Basi lilikuwa linaondoka saa tisa. Daftari lilikuwa ndani ya begi, na begi lilikuwa chini ya kitanda, umbali wa mkono. Ngazi alikuwa ameitazama dari muda mrefu.

"Kaka," alisema, "hawa jamaa wa leo, penalti zao zikoje? Ikifika huko?"

Sumaku alikuwa na miaka thelathini na nne, mkataba wake unakwisha mwezi ule, na kwa wiki kadhaa alikuwa amemwona kocha akimtazama kijana kwa jicho la mnunuzi. Alijua Ngazi akipangua hata penalti moja mbele ya uwanja uliojaa, basi kiti chake kimeota mbawa. Hakutaka timu ifungwe. Hilo amejiapia mara nyingi, na nadhani ni kweli. Alitaka timu ishinde dakika tisini, kijana acheze wastani tu, na watu waseme Sumaku angekuwepo tungelala mapema. Ndivyo mtu mzima, baba wa watoto wawili, alivyopiga hesabu zake akiwa amelala chali.

"Penalti ni bahati, mdogo wangu," alimwambia. "Wewe sikiliza moyo wako."

Ngazi akashukuru. Akageukia ukutani akalala, kama mtu aliyepewa dawa.

Mechi iliisha sare ya bao moja kwa moja, na dakika za nyongeza hazikubadili kitu. Kabla ya mikwaju timu ilikusanyika duara katikati ya uwanja. Pale palikuwa na nafasi nyingine, na hiyo ndiyo inayomuuma kuliko ile ya chumbani. Sumaku alimkumbatia Ngazi shingoni kwa mkono wenye bandeji, mdomo ukiwa sikioni kwake, na kwa sekunde kumi hivi angeweza kusema majina matano na pande tano. Alisema tena, sikiliza moyo wako. Mpiga picha mmoja akaipata ile hali, na Jumatatu ikatoka gazetini, na chini yake wameandika kwamba mkongwe anampa kijana moyo.

Mpigaji wa tatu wa timu ya Sumaku alipiga mwamba. Wapinzani wakafunga wanne mfululizo, Ngazi akiruka huku mpira unakwenda kule. Wa tano alikuwa mshambuliaji wao mwenye upara. Ngazi aliruka kulia kwa mwili wake wote, urefu wote ule aliopewa na Mungu, na mpira ukapita polepole katikati ya lango, pale alipokuwa amesimama.

Wakashuka daraja. Timu ikishuka hawashuki wachezaji peke yao. Mpishi aliachishwa, mama aliyefua jezi aliachishwa, dereva wa basi akaenda kuendesha lori. Sumaku, kwa jina lake, alipata timu nyingine wiki tatu baadaye. Ngazi hakupata. Mashabiki walimbatiza jina jipya, Ngazi ya Kushukia, likaenea sokoni mpaka kwenye vituo vya mabasi, na timu yoyote iliyotaka kumsajili iliogopa kuchekwa. Wiki ileile Sumaku alilichoma daftari nyuma ya nyumba. Mkewe alipouliza moshi wa nini, alisema karatasi za zamani.

Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Kwa miaka hiyo yote Sumaku aliukwepa ule uchungu kwa njia rahisi: hakumtafuta Ngazi. Alisikia amepata kazi kiwanda cha magodoro, akasema moyoni alhamdulillahi, basi, maisha yanaendelea. Mpaka simu ilipolia mwezi huu, akiwa na mwanafunzi anayehangaika kurudi nyuma.

"Kaka, ni mimi. Ngazi."

Breki aliikanyaga yeye.

"Mdogo wangu. Habari za siku?"

"Njema kaka. Shemeji hajambo? Watoto? Sikiliza, nina ombi na usinikatalie. Siku hizi mimi ndiye msimamizi wa zamu hapa kiwandani. Kila baada ya miezi mitatu meneja analeta mtu wa kuzungumza na wafanyakazi. Safari hii kasema tupate mtu wa michezo, atueleze namna ya kujenga timu imara. Nikamwambia huyo mtu ninaye. Kaka yangu yupo. Yote ninayoyajua kuhusu uongozi nilijifunza kwake."

Sumaku alisema ana kazi nyingi. Alisema yeye si mzungumzaji. Alisema kuna makocha waliosoma. Kila alichosema kilichukuliwa kuwa ni unyenyekevu, na Ngazi akazidi kufurahi. Usiku aliposimulia nyumbani, mkewe alimshangaa.

"Nenda bwana," alisema. "Mtu anakuheshimu hivyo unaanza kuringa? Wengine tunafundisha watoto arobaini kila mwaka na hawatukumbuki hata jina."

Akaenda. Jumamosi, saa nne asubuhi, kavaa shati alilolivaa mara ya mwisho harusini.

Ngazi alimpokea getini kwa mikono miwili. Mvi zilikuwa zimeanza kando ya masikio, kitambi kidogo, lakini urefu uleule. Akamtembeza kiwanda kizima kabla ya mazungumzo. Sponji huja kwa mabonge makubwa kuliko gari, yanapita kwenye msumeno mwembamba usio na kelele, yanatoka vipande vya unene wa godoro. Hapo yanagundishwa, yanavikwa kitambaa, halafu yanafika kwa washonaji wa ukingo, ambao ndio mabingwa wa nyumba. Kushona ukingo ni kuzungusha godoro zima chini ya sindano nene bila kusimama kwenye kona, na kona ikikosewa godoro linarudi. Vumbi jeupe jepesi lilikuwa limekaa kwenye nyusi za kila mtu.

"Hapa tuna sheria moja," Ngazi alimwambia, akipaza sauti juu ya mashine. "Hakuna fundi wa peke yake. Kila anayejua kazi, lazima awepo mtu wa pili aliyemfundisha yeye mwenyewe, anayeijua vilevile. Sio nusu. Vilevile. Mtu akiugua, zamu haisimami. Walinibishia mwanzoni, wakasema nataka wafukuzane. Nikawaambia mimi nimefundishwa na mtu aliyekuwa namba moja, na hakunificha kitu."

Sumaku alitikisa kichwa kukubali. Angefanya nini? Kuna kuvikwa kilemba cha ukoka na mtu anayekutania, hapo unacheka mnaishia. Huyu alikuwa anamvika kwa moyo wake wote, na kilemba kilikuwa kinamkaba.

Ukumbi wa chakula ulikuwa na meza ndefu na watu kama sitini. Ukutani, juu ya kaunta ya chai, palikuwa na picha kwenye fremu. Ile ya gazeti. Bandeji, shingo ya kijana, mdomo sikioni. Na chini yake mtu kaandika kwa rangi ya bluu, herufi kubwa zilizonyooka: SIKILIZA MOYO WAKO. 

Meneja, mtu mfupi mwenye haraka, alimkaribisha kwa maneno machache. Ngazi alimkaribisha kwa maneno mengi. Kisha Sumaku akasimama na karatasi yake.

Na alizungumza vizuri, hilo ndilo la ajabu. Alisema timu si watu kumi na mmoja, timu ni pamoja na yule anayefua jezi. Alisema nahodha hamkosoi mtu mbele ya wageni. Alisema beki akikosea, kipa hamtupii mikono ili jukwaa lijue nani mwenye kosa. Anaokota mpira wavuni, anamrudishia, na lawama wanakwenda kugawana ndani. Alisema timu nyingi zina nyota na hazina timu, na akatoa mfano wa mshambuliaji mmoja aliyewanyima wenzake pasi mpaka wakaacha kumkimbilia. Watu walicheka mahali pa kucheka. Ngazi alikuwa amekaa mbele, mikono kwenye magoti, anatabasamu kama mzazi siku ya mahafali. Kila sentensi ilikuwa ya kweli, na kila sentensi ilimtia aibu zaidi, kwa sababu alikuwa anayajua haya yote tangu zamani. Hakukosa kwa ujinga.

Alipomaliza walipiga makofi. Meneja akatazama saa, akauliza kama kuna swali. Mama mmoja wa makamo, mshonaji wa ukingo, akanyoosha mkono huku bado amevaa kidole cha chuma cha kushonea.

"Mimi ni wa hapa mashine namba mbili," alisema. "Kaka, umesema vizuri, sibishi. Lakini mimi nimepewa binti nimfundishe ukingo. Nilijifunza ukingo miaka sita. Kona zangu hazirudi. Sasa huyu binti ana mikono myepesi, namwona kabisa. Nikimfundisha yote akanishinda, mimi hapa nitakuwa nani? Wewe ulikuwa namba moja. Huyu msimamizi wetu alikuwa namba mbili wako. Ulifanyaje mpaka ukaweza kumpa vyote? Maana mimi moyo wangu, nikiusikiliza, unaniambia nimfiche."

Watu wakacheka, wakamwambia mama huyo mkweli. Yeye hakucheka. Alikuwa anauliza kweli, na binti mwenyewe alikuwa amekaa pembeni yake, ameinamisha kichwa.

Jibu zuri lilikuwepo. Sumaku aliliona limelala tayari mdomoni: dada, taa haipungui mwanga kwa kuwasha nyingine. Wangepiga makofi, wangekunywa chai, angerudi nyumbani. Lakini yule mama angekwenda mashine namba mbili na uongo wake, na siku moja angejua. 

"Sikumpa," alisema.

"Unasemaje?"

"Nasema sikumpa vyote. Nilimficha."

Akasimulia. Hakupamba. Alianza na daftari, akaja kwenye bomba linalovuja na lile neno nimempa, akaja kwenye chumba cha hoteli na begi chini ya kitanda. Alisema aliogopa kunyang'anywa namba. Akaonyesha picha ukutani, akasema hapo alipata nafasi ya pili, na hayo maneno ya bluu hayakuwa mafundisho, yalikuwa namna ya kumfungia mtu mlango huku unamchekea. Alizungumza akiitazama meza, kwenye alama ya duara iliyoachwa na kikombe. Wakati fulani mtu alizima redio jikoni, na baada ya hapo aliisikia sauti yake mwenyewe ilivyo nyembamba.

 Alipomaliza, sitini wale walimtazama Ngazi, na Ngazi alikuwa bado amekaa vilevile, mikono kwenye magoti, ila tabasamu lilikuwa limeondoka taratibu bila yeye kulitoa.

"Yule wa tano," Ngazi alisema. "Mwenye upara."

"Ndiyo."

"Alikuwemo kwenye daftari?"

"Alikuwemo."

"Upande gani?"

Hili ndilo swali ambalo Sumaku alikuwa akilikimbia kila alipokwenda kuangalia milango ya gari.

"Katikati," alisema. "Hatua sita, anakodolea macho kulia kwako, anapiga katikati. Siku zote. Ungesimama tu."

Ngazi akaitika kwa kichwa, mara mbili tatu, kama mtu anayepewa maelekezo ya njia. Akatazama viganja vyake. "Ningesimama tu," alisema, si kwa mtu yeyote.

Meneja, maskini, alikuwa ameshika mto mpya ndani ya nailoni, zawadi wanayopewa wageni wote. Alisitasita, akatazama huku na huku, mwishowe akampa. Sumaku akaupokea, maana kuukataa nako kungekuwa maringo. Akatoka nao kwapani katikati ya watu sitini, na hakuna safari ndefu aliyowahi kutembea kama ile ya kutoka kwenye kaunta ya chai mpaka mlangoni.

Alikuwa ameshafungua gari aliposikia hatua. Ngazi alikuja bila haraka, akazunguka upande wa pili, akafungua mlango wa abiria, akajikunja akaingia. Magoti yalifika kwenye dashibodi.

"Twende kwa mzee wangu," alisema.

Safari hii hakumwita kaka.

"Miaka kumi na minne hajakaa na mimi kutazama mpira. Alikuwa anakuja kila mechi, unakumbuka, anasimama nyuma ya lango. Tangu siku ile, mechi ikianza anakwenda kwa jirani. Hakunitukana hata siku moja. Aliniambia tu, mwanangu, uliogopa, na mtu akiogopa hawezi kujificha. Mimi nikaamini. Kila siku naamka naamini niliogopa. Utamwambia wewe. Kama ulivyotuambia."

"Nitamwambia."

"Leo."

"Leo."

Waliendesha dakika ishirini. Mguu mrefu wa Ngazi ulikuwa juu ya breki ya pili, na mara mbili gari lilishtuka kwa sababu aliikanyaga bila kujua. Kwa kawaida Sumaku humkemea mtu anayegusa ile breki. Leo aliomba samahani yeye.

Baba yake Ngazi alikuwa fundi cherehani, amestaafu, anakaa chumba cha mbele cha nyumba ya uani pamoja na wapangaji wengine. Walimkuta kwenye kochi la watu wawili, miwani imefungwa kwa uzi, anachomoa vifungo kwenye shati kuukuu. Mlango ulikuwa wazi. Uani wanawake wawili walikuwa wanaanika nguo. Mzee aliinua uso, akamwona mwanawe, akarudi kwenye vifungo. Kisha akamwona aliyekuwa nyuma yake, na shati likaanguka.

"Sumaku," alisema. "Ndiye wewe? Hebu njoo nikuone." Akakishika kiganja cha mgeni kwa mikono yake yote miwili, akakigeuza, akakitazama kama nguo ya kitambaa cha bei. "Mikono yenyewe hii. Sisi wa nyuma ya lango tulikuwa tunasema, akiwepo huyu tunalala usingizi. Ungekuwepo wewe siku ile, mwanangu, tusingeshuka. Karibu, kaa. Kaa hapa."

Alisema hivyo mbele ya mwanawe, bila ubaya wowote, kama mtu anavyotaja kwamba mvua ilinyesha. Ngazi alikuwa ameegemea ukuta kando ya mlango, kichwa kikikaribia dari. 

"Sitakaa, mzee," Sumaku alisema. "Nina jambo. Shikamoo yangu sijaitoa, na nadhani ni sawa usiipokee kwanza. Siku ile mwanao hakuogopa. Aliniuliza wale watu wanapiga wapi, na mimi nilikuwa najua, nimeandika wote. Nilimnyima. Nilitaka asing'ae. Yule wa tano nilijua anapiga katikati."

 Mzee alikuwa bado amekishika kiganja chake. Aliinamisha kichwa upande, akasogeza sikio.

"Sema tena. Hili sikio la kushoto halinisaidii. Sema kwa sauti."

Uani wale wanawake walikuwa wameacha kuanika. Sumaku aliwaona kwa pembe ya jicho, mmoja ameshika shuka lililolowa, maji yanadondoka miguuni kwake. Akavuta pumzi, akasema tena, kwa ile sauti ya tumboni aliyokuwa akiwafokea mabeki, neno kwa neno, nilijua, aliniuliza, nikamnyima, mwanao hakuogopa, mimi ndiye niliyeogopa. Nyumba nzima ikasikia.

Mzee alikiachia kiganja. Hakukisukuma, alikiachia tu. Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati lake muda mrefu kuliko miwani inavyohitaji. Kisha akasogea mpaka mwisho wa kochi, akapapasa nafasi iliyobaki wazi pembeni yake, na uso wake aliuelekeza kwa mwanawe.

"Njoo ukae, baba," alimwambia Ngazi.

Ngazi akaja akakaa. Kochi lilikuwa la watu wawili, na mgeni akabaki amesimama.